Mensa: kutoka meza ya Warumi hadi meza ya Waswahili

mensa (nomino ya Kilatini, jinsia ya kike, wingi *mensae*) 1. meza, hasa ya kulia chakula. 2. chakula kilichoandaliwa mezani. Awamu ya mlo. 3. meza ya mbadilisha fedha, benki.

Neno hili limeacha uzao mkubwa katika lugha za Ulaya, na mmoja wa wazao wake ni *meza* ya Kiswahili. Wazao hao hufanana kwa sura kuliko kwa maana. Mfasiri anayetegemea sura peke yake huweza kumpa msomaji samani pale mwandishi alipokusudia chakula.

Asili na maana za kale

Wataalamu wengi hulihusisha *mensa* na kitenzi *metiri*, yaani kupima, ambacho umbo lake *mensus* lina maana ya "kilichopimwa". Kwa maelezo hayo, *mensa* lilikuwa kwanza fungu la chakula alilopimiwa mlaji, kisha likawa jina la ubao uliobeba fungu hilo. Maana ya chakula haikupotea: awamu ya mwisho ya karamu ya Kirumi, ya matunda na vitamutamu, iliitwa *mensa secunda*, "meza ya pili".

Maana ya fedha ilitokana na meza ambayo mbadilisha fedha alihesabia sarafu. Mnamo mwaka 352 KK, Roma iliteua watu watano walioitwa *quinqueviri mensarii* ili washughulikie madeni ya raia. Wagiriki nao walifuata njia hiyo hiyo: *trapeza* ya Kigiriki cha kale ni meza, na hadi leo ndilo neno la Kigiriki la benki.

Kudondoka kwa n

Katika Kilatini cha mazungumzo, *n* iliyotangulia *s* ilidondoka. Hivyo *mensis* (mwezi) likawa *mese* katika Kiitalia na *mes* katika Kihispania. Na *mensa* likawa *mesa* katika Kihispania, Kireno na Kisardinia, na *masă* katika Kiromania. Kanuni hii humsaidia mwanafunzi kutambua historia ya neno. Kiitalia kina *mensa* lenye *n* yake kamili, kwa sababu neno hilo lilichukuliwa kutoka maandishi ya Kilatini, halikurithiwa kwa mdomo.

Kwa meza ya kawaida, Kiitalia husema *tavola* au *tavolo*, Kifaransa *table*, na Kikatalani *taula*. Haya yote yametokana na *tabula*, neno lililokuwa na maana ya ubao. Ramani yake inafundisha jambo: *tabula* imeshika maeneo ya kati, nayo *mensa* imesalia pembezoni, yaani Iberia upande wa magharibi na Romania upande wa mashariki. Mwanaisimu Matteo Bartoli (1873–1946) alieleza mtawanyiko wa namna hii kwa kusema kwamba neno jipya huenea kutoka katikati, ilhali la zamani hudumu kingoni.

Nje ya lugha zilizotokana na Kilatini, neno lilikopwa mapema, nalo mara nyingi likashuka kutoka meza hadi chombo kilicho juu yake. *Mias* ya Kiairishi ni sahani. *Misa* ya Kipolandi na *mísa* ya Kicheki ni bakuli.

Kuingia katika Kiswahili

*Meza* ya Kiswahili imetoka katika Kireno. Ushahidi mmoja ni sauti: *s* ya Kireno iliyo kati ya irabu mbili hutamkwa *z*, hali katika Kihispania hubaki *s*. Ushahidi mwingine ni historia. Wareno walifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, na wakapokonywa ngome hiyo na Waomani mwaka 1698. Maneno kama *bendera*, *leso*, *karata* na *mvinyo* yana asili hiyo hiyo. *Gereza*, lililotokana na *igreja* yaani kanisa, lilibadilika maana kabisa. *Meza* limebaki na maana yake.

Nomino *meza* imo katika ngeli ya I-ZI: *meza hii imevunjika, meza hizi zimevunjika*. Haina uhusiano na kitenzi *meza* (pitisha kitu kooni), ambacho ni cha Kibantu. Ndiyo maana kamusi huviweka kuwa vidahizo viwili.

Umbo *mezani* limepanuka kimaana. Mwenyeji akisema *karibuni mezani*, anakaribisha watu kula. Katika taarifa rasmi za Bunge la Tanzania, *hati zilizowasilishwa mezani* ni hati zilizokabidhiwa Bunge, na *Katibu Mezani* ni mtumishi anayeongoza shughuli za kikao kwa kuzitaja.

Tahadhari kwa mfasiri

*Kijerumani.* *Mensa* ni bwalo la chakula la chuo kikuu. *Wir essen in der Mensa* ni "Tunakula katika bwalo la chuo". Meza huitwa *Tisch*.

*Kiitalia.* *Mensa* ni bwalo la kazini, shuleni au chuoni. Barua ya ufadhili inayotaja *servizio mensa* inazungumzia huduma ya chakula. Mwanafunzi akifasiriwa "huduma ya meza", hatajua kwamba ana haki ya kula.

*Kiromania.* *Masă* ni meza na pia mlo. *A lua masa* ni kula mlo. Lipo *masă* jingine, lenye maana ya tungamo au umati, lililotokana na *massa*. Wingi huyatenganisha: *mese* ni meza, *mase* ni umati.

*Kihispania.* *Mesa* ni meza, na *comensal* ni mtu mnayekula naye meza moja. Nchini Mexico, *mensa* ni mwanamke mjinga, kwa lugha ya mitaani. Neno hilo lisichanganywe na la Kilatini.

*Kiingereza.* *Mesa*, lililokopwa kutoka Kihispania, ni mlima wenye kilele bapa, kama katika jina Mesa Verde huko Colorado. *Mensa* ni jina la chama kilichoanzishwa Oxford mwaka 1946 kwa ajili ya watu wenye alama za juu katika majaribio ya akili. Jina la namna hii halifasiriwi.

*Mesi.* Neno *mesi*, lenye maana ya bwalo, hasa la maafisa, linafanana na *mesa* kwa bahati tu. Limetoka katika Kiingereza *mess*, ambalo kupitia Kifaransa cha kale linarejea kwenye kitenzi cha Kilatini *mittere*, yaani kupeleka: chakula kilichopelekwa mezani.

Kwa hiyo, unapokutana na *mensa* au mzao wake katika matini, itambue kwanza lugha, kisha uangalie muktadha: watu wanakaa, wanakula au wanahesabu fedha? Jibu ndilo litakaloamua kama utaandika *meza*, *mlo*, *bwalo* au *benki*.

Linganisha: bwalo, gereza, mesi, mezani.