Nzi wa Kuvulia wa Kawangware: Namna ya Kuandaa Zawadi ya Fremu

Mpwani akitajiwa chambo, akili yake inakwenda kwa ngisi, kamba au dagaa. Lakini mvuvi anayerambaza nyuma ya mashua akitafuta nguru anajua kwamba chambo si lazima kiwe na damu. Manyoya meupe ya kuku au nyuzi za gunia zikifungwa juu ya ndoana na kukokotwa majini, nguru hudhani ni kisamaki kinachokimbia. Waingereza waliichukua hila kama hiyo wakaifanya sanaa. Chambo chao kinaitwa nzi, kwa kuwa aina za mwanzo ziliigiza wadudu wanaotua juu ya maji ya mito.

Wengi wetu hatujui kwamba nzi wanaouzwa katika maduka ya uvuvi ya Ulaya na Marekani, sehemu yao hufungwa kwa mkono hapa Kenya. Fulling Mill, kampuni ya Uingereza yenye sifa katika bidhaa hii, huwafungisha hapa. Ukipanda matatu namba 46 kutoka katikati ya jiji la Nairobi mpaka Kawangware, au ukaendelea upande wa Riruta na Dagoretti, utapata mafundi wa kazi hii, wanawake kwa wanaume, wengine wakifanyia nyumbani.

Asili yake ni mitoni, si baharini. Mito ya milima yetu haikuwa na samaki aina ya trauti hadi 1905, Ewart Grogan alipoleta mayai kutoka Loch Leven, Scotland, na samaki wakatiwa katika mto Gura, Nyandarua. (Ndiye Grogan yule wa gati la Mbaraki, Mombasa. Kirinyaga Road ya Nairobi zamani ilikuwa Grogan Road, na mafundi wa magari wa pale bado wanaiita hivyo.) Walowezi walitaka nzi wa kuvulia trauti, mikono ya wenyeji ikajifunza, na baadaye kazi ikageuka kuwa ya kuuza nje.

Zawadi ninayoizungumzia ni fremu ya kioo yenye nzi watatu au wanne. Inamfaa nahodha anayestaafu, mzee aliyewapeleka watalii kuvua Watamu au Malindi, au hata daktari anayependa mshipi. Si ghali ukiifanya mwenyewe, ila inataka subira.

Anza na manyoya. Soko la Jiji, Muindi Mbingu Street, liko hatua chache kutoka Msikiti wa Jamia, hivyo Ijumaa baada ya swala unaweza kupita kwa wauza kuku na kuomba manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu na mweupe. Nywele nyeupe za mbuzi na za mkia wa ndama zinapatikana kwenye machinjio ya Dagoretti. Uzi mwembamba wa hariri upo kwenye maduka ya vitambaa ya Biashara Street. Osha kila kitu kwa sabuni na ukianike kivulini, la sivyo nondo watakula zawadi yako kabla ya mwaka kwisha.

Hapa kuna suala la dini ambalo vitabu vya Wazungu havina habari nalo. Sisi Mashafi manyoya ya mfu ni najisi, basi chukua ya ndege aliyechinjwa. Mapishi ya zamani ya Uingereza hutaja manyoya ya nguruwe na ya sili. Hayo yaache, ya mbuzi yanatosha kabisa. Tausi, ambaye manyoya yake hutumika sana katika kazi hii, kauli yenye nguvu kwetu ni kwamba haliwi, na hukumu ya manyoya yake inafuata hapo. Mimi nilitumia ya mkia wa batamzinga mweusi. Hayametameti kama ya tausi, lakini moyo umetulia.

Na sheria ya nchi nayo ipo. Uwindaji ulipigwa marufuku 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu hata unyoya kuwa nyara. Usiokote unyoya wa ndege wa mwituni ukautia kwenye fremu, hata kama umeuona chini.

Kwa mwanzo jaribu nzi aitwaye Coachman, wa Waingereza wa karne ya 19. Bana ndoana kwenye jiriwa ndogo. Zungusha uzi kutoka tunduni mpaka kwenye kipindo. Funga nyuzi tatu au nne za unyoya mweusi, uzizungushe kurudi mbele hadi upate mwili mnene, ukibakisha nafasi ndogo nyuma ya tundu. Wanaoanza huijaza nafasi hiyo, kisha kichwa hakina pa kukaa. Zungusha unyoya mwekundu wa jogoo mara mbili tatu, halafu weka juu mabawa mawili meupe ya bata, moja kutoka ubawa wa kulia na jingine wa kushoto, yalingane. Maliza kwa fundo na tone la rangi ya kucha isiyo na rangi.

Wa pili awe wa baharini, maana anayepewa ni mtu wa bahari. Lefty's Deceiver, aliyebuniwa na Mmarekani Lefty Kreh, aliingia kwenye stempu ya posta ya Marekani 1991. Manyoya marefu meupe ya jogoo hufungwa nyuma, na nywele nyeupe huzunguka mbele kama kola. Anaigiza kisamaki, na kolekole humjia kwa pupa.

Kama mkono wako mzito, mwendee fundi wa Kawangware. Wengi hulipwa kwa idadi, na nzi wa kuvulia hana budi kufungwa haraka. Wa maonyesho anataka muda mrefu zaidi, basi usimpe bei ya dazeni. Muulize pia jina lake na kama anaridhia liandikwe. Nzi hawa husafiri dunia nzima wakiwa na jina la duka tu.

Mafundi wa mbao wa Ngong Road, karibu na Dagoretti Corner, watakutengenezea fremu yenye kina cha vidole vitatu. Chomeka ndoana kwenye kizibo, usiigandishe kwa gundi. Kwa nyumba ya Pwani tumia ndoana isiyoshika kutu na uzibe mgongo wa fremu, kwani hewa ya chumvi haina huruma. Tundika mbali na jua. Chini ya kila nzi bandika karatasi ndogo: jina la nzi, mwaka, mtaa, na jina la aliyemfunga.