Jiwe la Shinkolobwe

Mji wa Lubumbashi, nchini Kongo, ulioasisiwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, ulipata sifa kwa shaba. Lakini jiwe lililowashughulisha maulamaa wa fizikia wa ng'ambo lilikuwa la urani, lililovumbuliwa Shinkolobwe, upande wa Likasi, mwaka 1915, ambalo kampuni ya Union Minière ililichimba kwanza kwa tamaa ya radiamu iliyomo, na urani yenyewe ikahesabiwa karibu na takataka. Agosti 1939 Albert Einstein, mtu wa nadharia, alitia saini barua, iliyotungwa hasa na mwanafizikia Leo Szilard, ya kumtanabahisha Rais Roosevelt wa Marekani kwamba urani yaweza kuundiwa bomu, na kwamba chimbuko lake kuu ni Kongo ya Wabelgiji. Mwaka uliofuata Edgar Sengier, mkuu wa kampuni, akapeleka New York zaidi ya tani 1,000 za jiwe hilo. Na wachimbaji, waliostahiki kuambiwa mwanzo, hawakuambiwa neno.