Ebrahim Hussein, mtunzi wa Kinjeketile

Msikilizaji, hapa Dubai si ajabu kukutana na mzee azungumzaye Kiswahili cha Unguja mjini, ambaye jamaa zake waliondoka visiwani baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Nadhani ni wachache wajuao kwamba majonzi ya watu kama hao yaliwahi kuandikiwa tamthilia huko Tanzania Bara, miaka 7 tu baadaye. Tamthilia hiyo ni Mashetani, na mtunzi wake ni Ebrahim Hussein.

Alizaliwa Kilwa mwaka 1943, akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akapata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin Mashariki.

Jina lake lilivuma kwa Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Mmarekani Arthur Miller alitumia kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692 kusema na Wamarekani wa mwaka 1953. Hussein naye aliichukua Vita ya Maji Maji, ya 1905 hadi 1907, akawauliza watu waliokwisha kupata uhuru swali gumu: imani iliyowaunganisha watu yaweza kuitwa uongo? Kinjeketile wake ana shaka na maji aliyoyatoa mwenyewe. Hata hivyo, Wajerumani wanapomtaka atangaze kuwa yalikuwa uongo, anakataa, kwani ajua tamko hilo litawafikia hata watoto ambao hawajazaliwa. Kinjeketile Ngwale wa historia alinyongwa Agosti 1905, vita ikiwa ndiyo kwanza imeanza.

Katika Mashetani, Juma na Kitaru ni vijana wasomi na marafiki. Ukoo wa Juma umepoteza mali na hadhi. Wa Kitaru unapanda. Bibi yake Juma anaishi na kumbukumbu za enzi iliyopita. Hussein hamdhihaki bibi huyo, wala haitukuzi enzi yake. Matajiri wapya nao hawasazi. Kuandika hivyo mwaka 1971, siasa ya Ujamaa ikiwa imepamba moto, kulihitaji ujasiri.

Mwaka 1988 ilitoka Kwenye Ukingo wa Thim, iliyochota kisa chake katika kesi ya Kenya iliyowakutanisha mahakamani mjane na ukoo wa wakili S. M. Otieno, wakigombea haki ya kumzika. Baada ya hapo, kimya. Wanafunzi wa Kenya na Tanzania waliendelea kutahiniwa juu ya vitabu vyake, naye akaishi Dar es Salaam, mbali na chuo na waandishi wa habari. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo yenye jina lake. Cha kushangaza, ni ya ushairi.