Uzi: Mwalimu wa darasa la kwanza akikwama, anamwendea nani?

Kila kampeni ikikaribia, elimu ya watoto wadogo inarudi jukwaani. Mmoja anaahidi vifaa vya kidijitali, mwingine anaahidi walimu wapya, wa tatu anasema shida ni walimu wenyewe, ati wavivu. Lakini mwalimu wa pale Eastlands mwenye watoto zaidi ya sitini ndani ya chumba kimoja, nusu yao hawajui herufi, akikwama katikati ya somo la kusoma anamwendea nani? Swali hili lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Vuteni viti.

Tuanze Nairobi, 1957. Serikali ya kikoloni ilifungua kituo maalum hapa mjini kutafuta njia bora ya kufundisha kwa Kiingereza katika shule za Waasia, ambako darasa moja lingeweza kuwa na watoto wa lugha kadhaa. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mtindo uliojulikana kama New Primary Approach, NPA kwa ufupi. Mtoto anaanza na Kiingereza tangu siku ya kwanza, anakaa kwa kikundi, anashika vitu, anazungumza badala ya kuimba tu yaliyo ubaoni. Leo watu wanaikumbuka NPA kwa sababu ya Kiingereza. Wanachosahau ni kwamba ilikuja na wasimamizi waliozunguka madarasani kumwonyesha mwalimu namna ya kutumia vitabu vile vipya.

Halafu uhuru ukaja. Tume ya Ominde ya 1964 ikaunga mkono Kiingereza tangu darasa la kwanza, na kila mzazi akataka shule yake iwe ya NPA. Nani angekataa? Madarasa yakaongezeka mbio kuliko wasimamizi. Jina likabaki, msaada ukapungua. Shikeni hapo, tutakutana na jambo hili tena.

1974 karo ilifutwa kwa darasa la kwanza hadi la nne. Idadi ya watoto wa darasa la kwanza iliruka zaidi ya maradufu kwa mwaka mmoja. Walimu wasiosomea ualimu wakaitwa kuziba pengo. Shule nazo zikaanzisha ada ya ujenzi ili zipate madarasa, na watoto wengi wa maskini wakatoka tena. Hayo tunayajua.

Sasa, katika miaka hiyo yote, mtu aliyekuja darasani kutoka nje alikuwa nani? Mkaguzi. Inspekta. Waliosoma miaka ya 80 watakumbuka siku ya inspekta: sakafu imepigwa deki, maazimio ya kazi yamekamilishwa usiku kucha, mtoto mwerevu amekalishwa mbele, na yule asiyejua kusoma ametumwa kuchota maji. Mwalimu hakumwambia inspekta kwamba somo limemshinda. Ungemwambiaje mtu anayeweza kukuandikia ripoti mbaya ukahamishwa? Kwa hivyo mtu pekee mwenye nafasi ya kuona shida ndiye aliyefichwa shida.

Kulikuwa na njia nyingine, ila ilikuwa dhaifu. Vile vituo vya ushauri wa walimu, TAC, vilivyopewa uhai zaidi miaka ya 1990 kwa msaada wa Uingereza. Mkufunzi wa TAC hakuwa inspekta. Kazi yake ilikuwa kusaidia. Shida ni kwamba shule zake zilikuwa nyingi, nauli haikuwepo, na siku zake nyingi ziliishia kwenye mitihani, michezo, muziki na kubeba barua za ofisi. Ukimuuliza mwalimu mkongwe aliona mkufunzi darasani mara ngapi kwa mwaka, usishangae akicheka kwanza.

2003, elimu ya msingi bila malipo. Kutoka watoto takribani milioni 5.9 tukafika kama milioni 7.2. Shule za umma za mijini zilijaa hadi mlangoni, na bado Mathare na Kibera shule ndogo za kulipia ziliendelea kufunguka kwa sababu shule ya umma ilikuwa mbali au imejaa. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Kisha Uwezo wakaanza kupima watoto nyumbani kwao, 2009, na matokeo ya miaka hiyo ya mwanzo yakatuvua nguo: ni kama watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliomudu kazi ya darasa la pili. Watoto walikuwa shuleni. Kusoma ndiko hakukuwepo.

Hapo ndipo jaribio la PRIMR linaingia, 2011 hadi 2014, la Wizara ya Elimu kwa fedha za Marekani. Lilianzia Nairobi na kaunti nyingine chache, shule za umma pamoja na zile ndogo za mitaa ya mabanda. Kila mtoto kitabu chake, mwalimu mwongozo wa somo la kila siku, na mkufunzi wa kuja darasani. Anakaa nyuma, anatazama somo, anawaita watoto wachache wamsomee kwa sauti, kisha anazungumza na mwalimu wakiwa wawili tu: hapa umekimbia, pale wavulana wa nyuma hukuwauliza hata mara moja, kesho jaribu hivi. Kusoma kuliimarika.

Lakini kuna kipande cha Kisumu ambacho hakuna mwanasiasa anapenda kukitaja. Wakati taifa linabishana juu ya vipakatalishi vya darasa la kwanza, ahadi kubwa ya kampeni za 2013, kule Kisumu watafiti walilinganisha mambo matatu. Kundi moja la shule, kishikwambi alipewa mkufunzi peke yake. Kundi la pili, walimu. Kundi la tatu, watoto walipewa vifaa vya kusomea. Makundi yote yaliwashinda wasiopata kitu. Ila kati ya hayo matatu hakukuwa na tofauti ya maana. Kumpa mkufunzi mmoja kifaa kulifanya kazi sawa na kuwapa watoto wote, kwa gharama ndogo mno. Bana, tungekuwa tumesoma ripoti hiyo kabla ya kutangaza zabuni!

2015 ikaja Tusome, sasa nchi nzima, zaidi ya shule 22,000 za umma. Mkufunzi wa TAC akabadilishwa jina, akawa CSO chini ya TSC, akapewa kishikwambi kinachorekodi somo aliloliona na mahali alipokuwa. Nauli yake ikalipwa kulingana na ziara zilizoonekana kwenye mfumo. Nauli tu, na ziara ziliongezeka. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunaita uvivu kitu ambacho kilikuwa pesa ya matatu.

Kisha tukarudia kosa letu. TSC ikaanza kuwapima walimu kwa TPAD, na CSO naye akavutwa huko. Mtu yule yule anayekwambia "niambie ulipokwama" ndiye anayehusika na fomu za tathmini yako. Mimi nikiwa mwalimu, ningenyamaza. Najua wapo watakaosema mwalimu lazima awajibike, na ni kweli. Basi awajibike kwa mtu mwingine, mkufunzi aachwe awe mkufunzi.

Pesa za wafadhili nazo zimekwenda. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada. Maafisa bado wako, mishahara inatoka TSC. Kinachoyumba ni nauli, vifaa na mafunzo yao, vitu vidogo ambavyo havizinduliwi kwa kukata utepe.

Kwa hivyo bajeti ya elimu ikisomwa, msitafute mabilioni ya vifaa peke yake. Tafuteni kile kifungu cha usafiri wa CSO. Na mgombea akija mtaani kwenu na ahadi ya kusoma na kuandika, mwulizeni: CSO wa hapa ana shule ngapi, na mara ya mwisho alikaa nyuma ya darasa la kwanza lini?