Msumeno wa mnyororo katika baridi

Msumeno wa mnyororo ni mashine ya mkono ya kukatia miti, ambayo injini yake huzungusha mnyororo wenye meno kwenye bapa la chuma. Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza wa umeme mwaka 1926 na wa petroli mwaka 1929. Nchini Sudan Kusini msumeno huu hutumika kwenye misaji ya eneo la Ekwatoria, kama ya Kagelu karibu na Yei. Huko tatizo ni joto, si baridi. Baridi yenye unyevu hupatikana nyanda za juu, mfano Sao Hill, Mufindi, Tanzania, kati ya Juni na Agosti.

Baridi huifanya oili ya mnyororo kuwa nzito. Ncha ya bapa ikielekezwa kwenye kisiki cheupe huku mnyororo ukizunguka, mstari wa oili usipotokea, kazi haianzwi. Kabureta nayo huweza kuganda, hivyo baadhi ya misumeno ina kilango cha kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye silinda. Hali ya hewa ikipata joto kilango hurudishwa, la sivyo injini huchemka. Hatari kubwa ni vidole vilivyokufa ganzi, visivyoweza kushika msumeno imara: sehemu ya juu ya ncha ikigusa gogo, msumeno humrukia mwendeshaji, na breki ya mnyororo pekee haitoshi. Baada ya kazi mnyororo hulegezwa, kwa kuwa husinyaa ukipoa.