Makofi ya mwaka 1975

Watu wananungunikia wadepite, kisha wanawarudisha wale wale. Sababu ni nini?

Tarehe 2 Novemba 1975 sababu ilikuwa wazi. Chama kilikuwa kimoja tu, MPR. Majina yalisomwa mbele ya watu, nao wakapiga makofi; ndio uchaguzi. Nani angethubutu kukataa mbele ya wakubwa?

Lakini tarehe 30 Julai 2006 tulichagua wadepite kwa siri. Tangu hapo, hapa Lubumbashi, nani anatulazimisha? Mudepite analeta unga kwenye kilio, analipa sanduku la maiti, tunasema: «Wengine ni wabaya, huyu ni mtoto wetu.» Na kila kabila linasema hivyo hivyo.

Katekista, uwaambie watu wazi: zamani woga ulitufunga, leo tunajifunga wenyewe.