Kadi kwa mtoto aliyelazwa: vifaa gani ni salama?

Kadi ya kutengeneza kwa mkono humfariji mtoto aliye wodini. Lakini kadi hiyo hukaa kitandani, karibu na mdomo, macho na vidonda vyake. Ndiyo maana tunashauri uangalie vifaa kabla ya kushika mkasi.

Vinavyofaa
Karatasi mpya ya manila, penseli za rangi au krayoni, na gundi ya maji wanayotumia wanafunzi. Mapambo yawe ya karatasi. Acha gundi ikauke kabisa.

Vya kuepuka
• Shanga, vifungo na maharage: mtoto mdogo, hasa wa chini ya miaka 3, anaweza kupaliwa navyo au kuvisukuma puani.
• Glita: chembe zake hupukutika na kuingia machoni.
• Pini za stepla na waya: huchoma.
• Maua na majani makavu: huweza kuwa na ukungu, hatari kwa mtoto mwenye kinga dhaifu, kama anayetibiwa saratani.
• Marashi: huweza kuamsha pumu.
• Kadi zinazoimba: betri yake bapa ikimezwa huweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa 2. Hilo likitokea, mwite muuguzi papo hapo.

Kabla ya kupeleka
Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza. Mwenye mafua awaachie wengine kazi hiyo. Kadi ikikamilika, igeuze juu chini uitikise: kinachodondoka hakifai kwenda wodini. Ukifika, mwonyeshe muuguzi kwanza.